Mafuta ya Mizeituni Yalivyofika Bukundi

Tangu nirudi, kila anayenikuta sokoni ananishika mkono na kuniuliza, "Kabula, ilikuwaje kwa mama yako?" Nikianza tu kusimulia, mwingine anadakia, na tunaishia kucheka kabla sijafika hata Lagangabilili. Basi naandika, msome wote kwa pamoja mniache niuze nyanya zangu. Mambo ya viza na tiketi za ndege mumuulize Shija, yeye ndiye aliyehangaika nayo. Mimi naanzia pale nilipokuwa nimesimama kando ya barabara Lamadi, nikimsubiri mwanamke nisiyemjua.

Kwa wasiojua: Shija, mdogo wangu wa mwisho, alikwenda Uturuki kusomea uuguzi akarudi na mke. Mke anaitwa Hanani, Mpalestina, muuguzi mwenzake. Wanaishi hapa Bariadi na wamepata mtoto wa kike. Mama yetu, aliyeko Bukundi, hakuwahi kumpokea Hanani, na wala si kwa ubaya wa moyo. Hoja yake ilikuwa moja: "Mtu unamjua kwa kwao. Huyu kwao hakujulikani, na hakuna mtu wa kwao aliyewahi kukanyaga uwanja wangu. Mtoto wa watu nisiowajua nitamshikaje?" Akagoma kuja kumwona mjukuu.

Hanani alilia, Shija akakonda, simu zikapigwa huko mbali. Siku moja Hanani akaniita jikoni kwake.

"Wifi, mama yangu anakuja. Anasema kama mama yenu anataka watu wa kwetu wafike, yeye atafika mpaka mlangoni. Mpeleke wewe. Shija hawezi."

"Nitampeleka."

"Wifi, asirudi kwao kabla hajala na mama yenu. Mwanangu asiwe na bibi wawili wasiojuana."

Mimi mguu wangu haujawahi kutulia, mnanijua. Mtu akitamka safari, natafuta viatu.

Lamadi

Basi la kutoka Mwanza lilichelewa kwa kiasi cha kunitosha kula sato mzima na kuanza kumtamani wa pili. Sikukereka. Zamani, kabla sijaja Bariadi, nilikaa Kalemela nikianika dagaa, na harufu ya upepo wa ziwa ukichanganyika na moshi wa mafuta ya kukaangia inanirudisha usichanani. Nilikuwa bado naota hivyo basi lilipofika.

Aliyeshuka alikuwa mama mfupi, mnene, mwenye kilemba cheupe na raba miguuni. Kifuani amefunga kitu ndani ya blanketi zito, jua likiwa kali vile. Wauza ndizi wakamzunguka.

"Jamani, mtoto atakosa hewa!"

"Mfunue uso, mama! Mfunue!"

Yeye akazidi kukumbatia. Mama mmoja mwenye sinia la ndizi kichwani hakuvumilia, akanyoosha mkono akavuta ncha ya blanketi. Likatokeza kopo kubwa la bati, limefungwa kwa utepe mpaka mdomoni.

"Huyu mtoto," akasema mama wa ndizi, "kamzaa na fundi bati."

Stendi nzima ikacheka, na mgeni, ambaye hakuelewa hata neno, akacheka kuliko wote. Nikampenda hapo hapo. Nikajitambulisha kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, naye akanijibu kwa cha kwake, ambacho nashukuru kilikuwa kibovu kama changu. Anaitwa Mama Yusufu. Kwao nao mzazi huitwa kwa mtoto wake wa kwanza.

Nikagonga kopo. "Nini?"

"Zeituni," akasema.

"Zeituni? Sisi pia tunasema zeituni!"

Akafungua begi akanionyesha pindo la gauni jeusi lililojaa nyuzi nyekundu. "Tatrizi."

"Tarizi!"

Tukapiga kelele kama watoto. Alikuwa na vitu viwili tu vya maana katika mizigo yake, mafuta ya zeituni na gauni la kutarizi, na vyote viwili tulikuwa tunaviita karibu sawa. Nikamwagizia sato. Alimla mpaka mifupa ikabaki safi kama kitana.

Lamadi mpaka Bariadi

Nilikuwa nimekodi gari la mchomoko la Masunga, ile Probox yake nyeupe. Masunga ni mlokole wa kweli kweli, hasikilizi redio ila mahubiri. Tukiwa tumeondoka kidogo akaniuliza mgeni katoka wapi.

"Bethlehemu. Kijiji cha karibu na hapo."

Breki.

"Bethlehemu ipi?"

"Kwani ziko ngapi, Masunga?"

"Dada Kabula, kumbe ipo mpaka leo?"

"Ipo. Ina watu, ina shule, ina maduka."

Akaondoa gari tena, akiitafakari Bethlehemu yenye maduka. Kisha akauliza kopo lina nini. Nikamwambia mafuta ya mizeituni. Akalipaki gari pembeni, akashuka na kuvua kofia.

Lazima nieleze hapa. Huku kwetu mafuta ya mizeituni hayaliwi. Yanauzwa kwenye vichupa vidogo kama kidole gumba, yanaombewa, kisha unapakwa tone moja kwenye paji la uso ukiwa mgonjwa au una mtihani. Ni upako. Na sasa Masunga alikuwa amebeba kopo zima la upako, tena kutoka Bethlehemu kwenyewe, kwenye kiti cha nyuma, juu ya tairi la akiba.

"Mwombe tone," akaninong'oneza. "Moja tu. La usukani."

Mama Yusufu si mtu wa matone. Alimmiminia kiganja kizima. Masunga akapaka usukani, akapaka gia, yaliyobaki akayamalizia kwenye boneti huku midomo ikimcheza.

"Gari linaumwa?" Mama Yusufu akaniuliza.

"Kidogo," nikamjibu.

Tukafika Bariadi polepole sana, kwa sababu usukani ulikuwa unateleza na Masunga ilimbidi aushike kwa kitambaa.

Bariadi

Mnajua kwetu mkwe na mama mkwe wanaogopana. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni, sembuse kula pamoja. Hanani alikuwa amemweleza mama yake kwenye simu, lakini nadhani Mama Yusufu alidhani anatia chumvi. Aliposhuka tu kwenye gari akamwona Shija, akafungua mikono yote miwili na kumkimbilia ili ambusu.

Shija mdogo wangu, mtu mzima, muuguzi wa kutegemewa, alitazama kulia, akatazama kushoto, akapita katikati ya ua wa minyaa kama mbuzi.

Tukasikia sauti yake kutoka kwa jirani: "Shikamoo, mama! Karibu sana! Za safari?"

Hanani akatafsiri. Mama Yusufu alikaa kwenye ngazi akacheka mpaka akalegeza kilemba. "Kwetu mkwe huja bila kualikwa na kumaliza chungu," akasema. "Mwambie mkwe asiyegusa chungu simrudishi!" Kisha akaletewa mjukuu, akamkumbatia asimwachie mtu mwingine. Shija alikula kwa jirani siku hiyo.

Lagangabilili na Mwandoya

Asubuhi tukamwacha Hanani na mtoto, maana njia ile si ya kichanga, tukashika barabara ya Itilima. Tulikuwa bado hatujafika Lagangabilili Mama Yusufu akasikia njaa. Akatoa chapati tulizofungiwa, akamimina mafuta kwenye kifuniko cha chupa ya chai, akachovya, akala. Akachovya tena.

Masunga akamwona kwenye kioo.

"Dada Kabula! Anakula upako!"

"Tazama mbele!"

"Anakula upako na chapati!"

"Masunga, punda!"

Punda alipona. Masunga alipoteza amani. Kila baada ya muda alikuwa ananiuliza kwa sauti ya chini kama mtu akila upako mwingi hivyo ndani yake kunakuwaje.

Ulikuwa msimu wa pamba. Mashamba meupe, mikokoteni ya ng'ombe imejaa mpaka inapepesuka, na kwenye vituo vya kununulia marobota yamelaliana. Mama Yusufu akaomba tusimame. Akaokota pamba iliyodondoka barabarani, akaisokota juu ya paja mpaka ikawa uzi, akautazama kwenye jua akitabasamu. Nilicheza kwenye pamba hii tangu sijaota meno ya mbele, na sikuwahi kuiona ikigeuka uzi mkononi mwa mtu.

Mwandoya tukapata pancha. Masunga akatafuta fundi, sisi tukakaa kwenye baraza ya duka moja ambapo akina mama walikuwa wanatarizi mashuka: mawaridi, njiwa wawili, na maneno ya LALA SALAMA. Mama Yusufu akaomba kuona. Akapewa shuka, na badala ya kuyatazama mawaridi akaligeuza, akaanza kuchunguza upande wa nyuma, karibu na pua.

Mwenye shuka akanuna. "Mwambie mwenzako maua yako mbele. Huko nyuma anatafuta nini, kunguni?"

Nikatafsiri bila kunguni. Mama Yusufu akaomba radhi, akatoa gauni lake, akaligeuza nje ndani. Nyuma kulikuwa kama mbele. Hakuna fundo, hakuna uzi unaoning'inia, vijisalaba vidogo vidogo tu, vimepangana. Kwao, akasema, fundi hasifiwi mpaka kazi yake igeuzwe.

Yule mama aliligusa gauni kwa ncha ya kidole. Akalichukua shuka lake akalikunja haraka, nyuma ndani. Halafu akalikunjua tena. "Aya, mayu," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Nionyeshe uzi unaufichaje."

Pancha ilishazibwa, Masunga akapiga honi, akalala, akaamka, akapiga honi tena. Hatukuondoka mpaka uzi ulipofichika.

Mwanhuzi mpaka Bukundi

Baada ya Mwanhuzi ni vumbi, migunga na ng'ombe. Kundi moja lilikaa katikati ya barabara likagoma kuondoka, na mchungaji wake akatusalimia kama vile mchana wote ni wetu. Nikaanza kumwomba mgeni radhi kwa kucheleweshwa.

"Kwetu barabara ya kwenda kwenye mizeituni wanaifunga askari," akasema. "Msimu huu tulivuna nusu. Ile nusu nyingine tuliiona kwa mbali, imeiva, hatukuruhusiwa kufika. Kopo hili limetoka kwenye nusu tuliyofika." Akamtazama dume aliyesimama mbele ya boneti, anacheua. "Huyu ana macho mazuri. Mwache akae."

Nikamshika mkono, tukamsubiri dume.

Bukundi

Mama alikuwa amefagia uwanja mpaka unang'aa, kwa hiyo nilijua anatusubiri, hata kama aliuma midomo.

"Mwadila, mayu," nikamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola, mayu. Huyu ndiye mama yake Hanani."

Alimpa mgeni mkono, akamwangalia kwa heshima. Mambo yalikuwa yanaanza vizuri. Ndipo Masunga akatokea nyuma ya gari, kopo begani kama jeneza la mtu mkubwa, akatangaza kwa sauti ya mahubiri:

"Mama, umebarikiwa! Upako huu! Kutoka Bethlehemu!"

Uso wa mama ukakunjika. Mimi nikajua kwa nini. Mama si mtu wa kanisa. Nyuma ya nyumba ana kijumba kidogo cha nyasi cha kutambikia mababu, alichorithi kwa mama yake. Kuna wahubiri waliwahi kufika, wakamwaga mafuta kizingitini bila kuomba, wakamwamuru akichome kijumba kile. Aliwatoa kwa ufagio mpaka barabarani. Sasa aliona watu wamesafiri kutoka upande wa pili wa dunia kuja kufanya yale yale.

"Karibuni," akasema, kwa sauti ya kumkaribisha mgambo.

Kopo halikuingia ndani. Mama alielekeza liwekwe nje, juu ya kisiki, karibu na zizi. Tulikula ugali wa mtama na mlenda, kila mtu akimsifia mwenzake kwa adabu, na Mama Yusufu akitupa jicho mlangoni. Hatimaye akanigusa.

"Mama yako hapendi mafuta yangu?"

"Anapenda."

"Yako na ng'ombe."

Mtandao Bukundi unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, na siku hiyo hata kichuguu kilikataa. Hanani hakupatikana kutusaidia. Nikabaki katikati ya wamama wawili wanaotabasamu, na kutaja mafuta mbele ya mama usiku ule sikuthubutu.

Asubuhi

Mama alikuwa amekaa mbele ya nyumba akitikisa kibuyu cha maziwa ili apate siagi, Mama Yusufu alipotoka amevaa lile gauni. Jeusi mpaka miguuni, kifua chote chekundu kama makaa. Ng'ombe waliokuwa wanatoka zizini wakasimama kumtazama. Masunga, aliyekuwa chini ya gari, akatoa kichwa.

Mama akaacha kutikisa. Akaniambia kwa Kisukuma, "Muulize. Yeye mtoto wa nani?"

Nikauliza. Mama Yusufu hakutaja jina. Alichuchumaa mbele ya mama akaanza kuonyesha kwa kidole, nami nikatafsiri kidole kwa kidole. Kifua hiki alikitarizi mwenyewe alipokuwa amechumbiwa. Kipande hiki kilichofifia ubavuni kilikatwa kwenye gauni la mama yake lilipochakaa, kikashonewa hapa. Na hiki kidogo kilicho ndani ya kile ni cha bibi yake. Miti hii, ndege hawa, mwezi huu, ni vya kijiji chao. Akipita sokoni mahali popote kwao, watu wanajua alikotoka kabla hajafungua mdomo.

Mama akafuta mikono kwenye kanga, akagusa. "Huyu mama yake," akasema taratibu. "Huyu bibi yake." Kidole kikashuka mpaka mkononi, kwenye mstari mmoja uliopinda vibaya. "Na huyu aliyelewa?"

"Hanani," nikatafsiri jibu la mgeni. "Alikuwa mdogo, anajifunza. Mama yake hakutaka kuufumua."

Mama akacheka! "Huyo kushona hawezi."

"Alikuwa mtoto, mama."

"Hata hivyo."

Akakunja uso tena. "Sasa mtu mwenye watu wake wamejaa kifuani hivi, kwa nini aje kunitoa mapepo?"

Nikamgeukia Mama Yusufu, nikamuuliza, ili mama asikie kwa mdomo wake, mafuta yale ni ya nini. Alinitazama kama nimemuuliza maji ni ya nini.

"Ya kula."

"Mama, anasema ni ya kula."

"Kula?"

"Kweli, mama!" Masunga akapaza sauti kutoka chini ya gari. "Nimeshuhudia kwa macho yangu! Anachovya kama mlenda!"

"Ni maguta, mama," nikasema. "Kama hayo unayotikisa. Ila yao yanatoka kwenye mti, siyo kwa ng'ombe. Yanatoka kwenye miti ya babu yake."

Mama akainuka. "Maguta?" Kwetu, watu wa upande wa mke wakija na samli ya kwao, hiyo haiwekwi hata chini, inapokewa kwa mikono miwili. "Watu wameniletea maguta ya kwao, na mimi nimeyaweka kwenye mavi ya ng'ombe?"

Sikuwa nimemwona mama akikimbia tangu nikiwa shule ya msingi. Alikimbia. Alirudi amelikumbatia kopo lile kifuani, anafuta kwa kanga, anashukuru, "wabeja, wabeja, mayu," kwa mgeni, kwa kopo, kwa kila mtu. Akaleta kiporo cha ugali na bakuli la michembe ya viazi vitamu, akamimina, akachovya tonge kubwa, akatafuna. Akameza.

Macho yakamtoka, akakohoa, akakohoa tena, machozi yakamtiririka.

"Kali! Mti gani huu una pilipili?"

Mimi nikaona yote yameharibika. Lakini Mama Yusufu aliruka juu, akapiga makofi, akapiga vigelegele ambavyo vilifika mpaka kisimani. Mafuta mazuri, akasema akihema, mafuta ya mavuno mapya, lazima yakukohoze. Mafuta yasiyokohoza ni ya dukani. Majirani waliosikia vigelegele wakaja mbio wakidhani kuna harusi, na kila aliyefika akapewa tonge, akakohoa, na kila aliyekohoa akashangiliwa. Ilikuwa asubuhi ya kukohoa tu. Masunga alikataa kabisa kula upako. Mwisho akafumba macho, akala tonge moja, akakohoa, akasema, "Amina."

Siagi ilipotoka ikachemshwa ikawa samli, na Mama Yusufu akailamba mpaka kwenye kijiko. Baada ya hapo mama aliingia ndani. Akatoka amevaa kanga mpya na viatu vya mazishi.

"Hili gari linaondoka lini?"

"Kesho, mama."

"Leo," akasema, akafungua mlango wa mbele akakaa.

Kurudi

Mama mbele na kibuyu cha samli, Mama Yusufu nyuma na kopo. Waliongea njia nzima, mmoja Kisukuma, mwingine Kiarabu, wakijibizana, wakikatizana, wakikubaliana. Nilijaribu kutafsiri mara mbili, wote wawili wakaniambia ninyamaze.

Tulipofika Bariadi Shija alikuja mbio kumpokea mama yake, akamwona mama mkwe wake nyuma, akageukia kwenye minyaa. Hakuna aliyemjali. Mama alipita ndani moja kwa moja. Hanani alikuwa ametoka kumwogesha mtoto, amemlaza kitandani juu ya taulo, na alipomwona mama alisimama wima ukutani, hajui aweke wapi mikono yake.

Mama akafungua kibuyu. Mama Yusufu akafungua kopo. Wote wawili kwa wakati mmoja, maana kumbe huku na kule mtoto akishaoga hupakwa mafuta na bibi yake. Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa tayari kumpisha mwenzake, kwa hiyo mama akashika mguu wa kulia, Mama Yusufu wa kushoto, wakaanza kusugua. Wakapanda mpaka tumboni, wakakutana, wakagombania mgongo, mmoja kwa samli, mwingine kwa zeituni, mpaka mtoto akawa anang'aa na kuteleza kama kambare, na kila wakijaribu kumwinua anawaponyoka huku anacheka kwa ufizi.

Mama, bila kugeuka, akaita kwa Kiswahili chake cha polepole:

"Mkamwana! Unasimama ukutani kama mgeni? Njoo umshike mwanao, sisi mikono inateleza."